Mlingoti Uliochipua Majani

Sauti ile haikuwa ya Kokugonza.

Najua wengi wenu mlikwisha kuapa. Msomaji mmoja wa Kibeta ameniandikia kwamba yuko tayari kuweka rehani mkungu mzima wa ndizi, kuwa aliyeuliza "Balozi, unakata nini huko juu?" ni mjane yule yule anayemkosesha Bartholomayo usingizi tangu hadithi hii ianze. Pole sana, ndugu yangu wa Kibeta. Mkungu wako ulete hapa gazetini, tutaula kwa niaba yako.

Na kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nikukumbushe kwa haraka. Bartholomayo, balozi wa nyumba kumi katika kijiji cha Kyabulembe, upande wa Rubya, yuko juu ya ngazi asubuhi hii, mundu mkononi, ameukumbatia mlingoti wa bendera ya taifa mbele ya ofisi ya kijiji. Mlingoti huo ulikatwa kwenye mtoma, ule mti ambao babu zetu walibandua magome yake wakatengeneza nguo. Mtoma ni mti mkaidi. Ukiuchomeka ardhini mbichi wakati wa masika, unashika mizizi. Bartholomayo aliuchimbia shimo mwenyewe mwezi Machi, akaimba wimbo wa taifa mpaka mwisho, akaenda zake. Ilipofika Mei Mosi bendera ilikuwa juu, na chini ya bendera kulikuwa na majani.

Katibu Tarafa akaagiza: majani yakatwe kabla hajafika, la sivyo ubalozi utapata mtu mwingine. Naye Kokugonza, mjane wa marehemu Datius, ambaye ndiye aliyetoa mti na ndiye aliyetoa kiwanja cha ofisi kwenye pembe ya kibanja chake, yaani shamba lake la migomba na kahawa, akasema likianguka hata jani moja Bartholomayo asikanyage tena nyumbani kwake.

Hapo ndipo tulipomwacha: moyo mmoja kwa Serikali, moyo mmoja kwa Kokugonza, na miguu yote miwili kwenye ngazi mbovu.

Akatazama chini. Aliyeuliza alikuwa Karugendo, katekista wa Wakatoliki, amevaa koti lake la Jumapili siku ya kazi. Nyuma yake kina mama walikuwa wamepiga magoti kwenye nyasi zenye umande, rozari mikononi.

"Nakagua kamba, Mwalimu," alisema Bartholomayo.

"Kwa mundu?"

"Imekaza sana."

"Shuka taratibu, Balozi," alisema Karugendo, kwa sauti ile anayotumia kwenye mazishi. "Hapo ulipoegemea ni fimbo ya Mtakatifu Yosefu."

"Huu ni mlingoti wa kijiji cha ujamaa."

"Fimbo ya Yosefu ilichanua mikononi mwake. Na huu umechipua siku gani? Mei Mosi. Mei Mosi ni sikukuu ya nani? Yosefu Mfanyakazi."

"Mei Mosi ni sikukuu ya wafanyakazi, Mwalimu. Imetangazwa na Serikali."

"Na Yosefu alikuwa nani kama si mfanyakazi? Serikali imechelewa tu kutambua."

Kabla Bartholomayo hajapata jibu, wimbo ulisikika kutoka upande wa chini wa barabara. Walutheri walikuwa wanapanda na kwaya yao, wakiongozwa na Mzee Gamaliel, mzee wa kanisa, Biblia kwapani. Mzee Gamaliel hakuwasalimu waliopiga magoti. Alifungua Biblia mahali palipokuwa pamewekwa unyasi tayari.

"Hesabu, sura ya kumi na saba," alisema. "Fimbo ya Haruni ilichipuka, ikatoa machipukizi, ikachanua maua. Hakuna Yosefu hapa. Bartholomayo, wewe ni mtoto wa kanisa letu. Waambie."

"Mzee, mimi hapa juu ni balozi wa watu wote."

"Basi shuka chini uwe Mlutheri."

Msomaji, naomba usiwacheke watu wa Kyabulembe kabla hujatazama kwenu. Watu hawa walichota maji kwenye chemchemi moja, walioana, walizikana, wote walikuwa ndugu. Kisha wamisionari wakaja na habari kwamba binadamu wote ni ndugu, na tangu hapo hawasalimiani vizuri. Mkatoliki akawa na duka lake na Mlutheri akawa na lake, hata chumvi ikawa na dhehebu. Uhuru ukaja ukawaambia upya kuwa wao ni ndugu. Wakaitikia kwa makofi. Wakaanza kuitana Ndugu Karugendo na Ndugu Gamaliel, na kununiana kama kawaida.

Sasa walikuwa wanaimba kwa pamoja, nyimbo mbili, kila upande ukijitahidi kuuzima mwingine. Ngazi ilitikisika. Majani ya mtoma yalimpapasa Bartholomayo usoni.

"Balozi, shuka," alisema mtu. "Ukivunjika mguu, choo changu kitakaguliwa na nani?"

Nyimbo zote mbili zilikatika, maana watu walikuwa wanacheka. Safari hii alikuwa Kokugonza kweli, ametoka kupalilia, jembe begani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa utani huo. Tangu kampeni ya usafi ianze, Bartholomayo alikuwa ameingia nyumbani kwa mjane yule jioni baada ya jioni kukagua choo, akaketi, akapewa kahawa ya kutafuna, akaondoka giza likianza kuingia. Tanzania nzima hakuna choo kilichopata uangalizi wa Serikali kama kile.

Alishuka. Kokugonza alimsogeza kando, karibu na ukuta wa ofisi, wakaongea kwa sauti ya chini huku kijiji kizima kikijifanya kinatazama bendera.

"Nisipokata, ubalozi sina," alisema Bartholomayo.

"Na ukikata?"

"Nikikata, naomba unielewe. Huu ni mti tu, Kokugonza."

"Mitoma ya Datius ilikuwa imebaki mmoja," alisema yeye. "Ulipokuja kuomba mlingoti, sikuipa Serikali tawi lile. Nilikupa wewe. Lingekufa ningenyamaza, mti kufa si ajabu. Lakini limeishi. Sasa unataka kuliua mbele yangu, kwa sababu mtu wa tarafani hapendi majani?"

Bartholomayo aliugeuza mundu mkononi. Alikuwa anampenda mwanamke yule na alikuwa hajawahi kumwambia, kwanza kwa sababu yeye ni Mlutheri na mwenzake Mkatoliki, na pili kwa sababu hakujua aanzie wapi mtu aliyezoea kuanza kila kauli na "Serikali imeagiza".

Honi ikalia.

Landrova ya Katibu Tarafa ilikuwa imefika, imejaa tope hadi madirishani. Ndugu Anatory akashuka. Alikuwa kijana mwenye shahada na haraka, na suti yake ya mikono mifupi ilikuwa imepigwa pasi vizuri kuliko barabara aliyopitia. Alitazama waliopiga magoti. Alitazama kwaya. Akatazama mlingoti, na majani yakapepea.

"Ndugu wananchi," alisema, "Serikali haina dini."

"Kweli, Ndugu Katibu," alijibu Kokugonza. "Ila mlingoti wake una waumini wengi."

"Mama, sijakuuliza. Balozi, nilikuagiza nini?"

"Kukata majani, Ndugu Katibu."

"Na haya ninayoyaona ni nini?"

"Ni majani, Ndugu Katibu."

"Wageni wa mkoa wanakuja kutazama kijiji cha mfano. Watakuta nini? Watu wanasali kwa bendera! Kuna aliyechuma majani haya akachemshia mtoto dawa, nimeambiwa. Kata. Sasa hivi, mbele yangu."

Bartholomayo akaelekea kwenye ngazi. Hakumtazama Kokugonza, maana alijua akimtazama hatapanda. Alikuwa ameshika ngazi wakati mtu mwingine alipokohoa.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Aliyekohoa alikuwa Mzee Ndyamukama, kaka wa marehemu Datius na mkubwa wa ukoo wao, ambaye tangu siku ya msiba hakuna alichokitaka duniani kama kile kibanja cha mdogo wake. Wewe msomaji wa tangu mwanzo unamjua. Wewe mgeni, tosheka na hili: akikusalimu kwa upole, hesabu mbuzi wako.

"Ndugu Katibu, kaboneka waitu," alimsalimu Ndyamukama kwa upole na heshima. "Kabla hamjakata, si vizuri mkajua mti ni wa nani?"

"Ni wa Serikali, Mzee."

"Ulipokuwa mlingoti, ndiyo. Sasa ni mtoma. Kwetu mtoma ukishika mizizi, ardhi iliyo chini yake ni ya aliyeupanda. Haya siyo maneno yangu, muulize mzee yeyote hapa." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. "Sasa mimi nauliza tu. Nani alichimba shimo?"

Hakuna aliyetaja jina. Hapakuwa na haja, kwa sababu wote waligeuka kumtazama Bartholomayo.

"Wewe?" aliuliza Katibu.

"Nilichimba, Ndugu Katibu. Kwa niaba ya taifa."

"Kwa hiyo kwa mila za hapa, balozi wangu amejipatia kiwanja cha ofisi ya Serikali."

"Sikukusudia."

"Nyarubanja," alinong'ona mtu kwenye kwaya, na neno lile likapita kwa Wakatoliki na kurudi kwa Walutheri bila kubagua.

Katika nchi ile hapakuwa na tusi zaidi ya hilo. Nyarubanja ndiyo ile tabia ya zamani ya mkubwa mmoja kujimilikisha ardhi na kuwageuza wenyeji wapangaji, na Serikali ilikuwa imeifuta. Bartholomayo mwenyewe ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba kutangaza kufutwa kwake, akiwa amejaa furaha. Leo alikuwa amesimama pale na miiko yote ya uongozi kichwani, ameambiwa kwamba yeye ndiye kabaila mpya. Ubalozi aliona umekwisha kwenda. Sasa alianza kufikiria jela.

Ndyamukama alikuwa anatazama ardhi kwa unyenyekevu.

"Hakupanda peke yake," alisema Kokugonza.

Aliweka jembe chini. Alisogea mpaka kwenye shina la mlingoti, akasimama pale, miguu miwili pamoja.

"Yeye alichimba. Mimi ndiye niliyekanyagia udongo, na mlikuwepo mkaona. Kwenye ukoo wa Datius, mtoma hupandwa na watu wawili. Mwanaume huchimba, mwanamke hukanyagia. Mti ukishika, hao ni mke na mume, hakuna sherehe nyingine. Kwa hiyo, Ndugu Katibu, hapa hakuna aliyenyang'anya mtu. Kiwanja nilikitoa mimi kwa mkono wangu, na huyu ni mume wangu. Tangu lini mume akachimba shimo kwa mkewe ikaitwa nyarubanja?"

Hata bendera ilitulia.

Bartholomayo alimtazama kama mtu aliyeambiwa kuwa amekula chakula ambacho hakumbuki kukiona mezani. Ameoa, na hakujua. Kumbe ameoa tangu Machi, na muda wote huo amekuwa akikagua choo cha mke wake mwenyewe.

"Bila padri?" alisema Karugendo.

"Bila mchungaji?" alisema Mzee Gamaliel.

Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wabatizwe kukubaliana juu ya jambo lolote, na wote wawili walionekana kuaibika.

Katibu alimgeukia Ndyamukama. "Mzee, wewe ndiye mkubwa wa ukoo. Hiyo mila ipo?"

Kokugonza alifumba midomo. Bartholomayo aliona vidole vyake vinashika kanga kwa nguvu. Kama kuna mtu pale aliyekuwa na sababu ya kumkanusha, ni Ndyamukama, aliyekuwa amemwinda Balozi kwa siku nyingi na sasa alikuwa amemfikisha ukingoni. Neno moja tu lingetosha. Mzee alijikuna kidevu, akatazama migomba ya Kokugonza, kisha akamtazama Kokugonza mwenyewe.

"Ipo," alisema. "Ndivyo ilivyo. Mbele ya Serikali, na mbele ya dini zote mbili, mimi nashuhudia kwamba huyu mwanamke ni mke wa Bartholomayo."

Na akatabasamu.

Ndugu Anatory akajifuta uso kwa leso. Chuoni walimfundisha uchumi wa vijiji, hawakumfundisha hili. "Balozi," alisema, "nakuuliza mara moja. Ukisema mama huyu anaota, panda ngazi, kata, na ubalozi unabaki wako, mimi nitasahau habari za shimo. Ukisema ni kweli, basi umeoa kwenye kiwanja cha Serikali kwa kutumia mlingoti wa Serikali, na ingia garini ukamweleze Mkuu wa Wilaya mjini Bukoba. Ni mkeo, au si mkeo?"

Tuseme ukweli juu ya mtu huyu, hata kama tunapenda kumtania. Tangu Uhuru, Bartholomayo hakuwahi kuiambia Serikali hapana. Ilipoagiza pamba alipanda pamba, mahali ambapo hata kuku walijua pamba haioti. Ilipoagiza watu watembee alitembea. Hakufanya hivyo kwa woga. Alikuwa amezaliwa katika nyumba ya mpangaji wa mtu mkubwa, akamwona baba yake akipiga magoti kwa ajili ya kibanja chake mwenyewe, na Serikali hii ndiyo iliyomwambia asimame. Aliipenda kama mtu anavyompenda aliyemwinua. Kuikana kulimuuma kweli.

Lakini mbele yake alikuwa amesimama mwanamke aliyejitia aibuni mbele ya kijiji kizima ili yeye asiitwe mwizi wa ardhi.

"Sikati, Ndugu Katibu," alisema.

"Sikusikia."

"Sikati. Na huyu ni mke wangu. Ningemwambia mapema, ila nilikuwa naogopa. Kama atanikubali hata kesho nikiwa si balozi, mimi nimetosheka."

Kina mama wa rozari walianza kufuta macho kwa ncha za kanga. Kwaya nayo, isitake kushindwa, ikalia kwa sauti nne. Katibu alinyoosha mkono, na Bartholomayo akabandua beji ya chama kifuani mwake, akaipangusa kwa kidole gumba kabla ya kumpa.

Akaingia nyuma ya Landrova, akaketi juu ya tairi la akiba. Kokugonza naye akapanda.

"Wewe sijakukamata," alisema Katibu.

"Najua, Ndugu Katibu. Mimi nimeolewa tu."

Gari likaondoka. Barabara ilikuwa ya utelezi na gari lilitambaa. Walirushwa huku na huku, bega kwa bega, kama watu waliofahamiana kwa miaka na sasa wametambulishwa. Bartholomayo alikuwa amepoteza kazi, heshima na pengine meza ya Bwana, na alikuwa anaona haya kwa jinsi alivyokuwa na furaha.

"Kokugonza," alisema hatimaye, "mimi na Datius tulikuwa marafiki tangu utotoni. Hakuwahi kunitajia habari ya mke kukanyagia udongo."

"Hakukutajia kwa sababu haipo."

"Haipo?"

"Nimeitunga pale pale. Ulitaka nikuache ufungwe?"

Bartholomayo akacheka. Alicheka mpaka dereva akageuka kutazama, na Kokugonza akacheka naye, ameziba mdomo kwa kanga. Kisha kicheko cha Bartholomayo kikapungua, kikaisha.

"Ndyamukama ni mkubwa wa ukoo," alisema. "Alijua kwamba ni uongo."

"Alijua."

"Na ananichukia."

"Sana."

"Basi kwa nini alishuhudia?"

Kokugonza alishusha kanga kutoka mdomoni. Mkono wake ukamshika Bartholomayo kwenye mkono bila yeye kujua kwamba ameshika.

"Mjane akiolewa nje ya ukoo," alisema, "kibanja kinarudi kwa ukoo. Nyumba, migomba, kahawa, kila kitu. Miaka yote hii amekuwa akitafuta njia ya kuniondoa, akakosa. Leo nimejiondoa mwenyewe, Bartholomayo. Mbele ya Serikali."

Gari lilikuwa limefika kwenye kona ya juu, ile ambayo ukitazama nyuma unakiona Kyabulembe chote. Kokugonza akageuka. Juu ya migomba yake, kutoka kwenye paa la nyumba yake, moshi ulikuwa unapanda mnene na mweupe, moshi wa mtu anayepika chakula cha wengi.

Asubuhi ile yeye hakuwa amewasha moto.